Bi Sahau na Kompyuta Namba Tatu

Mashine ya laminesheni, ile ya kufunika karatasi kwa plastiki, huchukua dakika saba kupata moto. Katika dakika hizo saba Bi Sahau hufuta kioo cha kompyuta namba tatu kwa kitambaa cha pamba, hugonga rimu moja ya karatasi ubavuni ili kurasa zisishikane, kisha hukaa na kunywa chai yake bila kumsemesha mtu. Mteja akiingia kabla hajamaliza kikombe ataitikiwa salamu, ataonyeshwa benchi, na atasubiri. Wanaomjua huchelewa makusudi.

Duka ni chumba kimoja kirefu. Kushoto kuna kaunta ya kioo yenye kalamu, bahasha, gundi na madaftari, na nyuma yake mashine ya fotokopi ambayo kifuniko chake kimeshikiliwa na utepe wa gundi. Mwisho wa chumba limetundikwa shuka la buluu la kupigia picha za vitambulisho. Kulia kuna meza ndefu yenye kompyuta tatu. Namba moja iko mlangoni, namba mbili katikati, na namba tatu iko kwenye kona, imegeuzwa kiasi kwamba huwezi kusoma kilichoandikwa humo mpaka usimame begani kwa aliyekaa. Na mbele ya Bi Sahau hakuna anayesimama begani kwa mtu.

Jina hilo hakupewa na wazazi wake. Alipewa na seremala wa mtaa wa pili, na kisa chenyewe kina miaka saba sasa.

Wakati huo kompyuta zote tatu zilitumia kivinjari kilekile, yaani ile programu ya kufungulia intaneti, kile ambacho watu karibu wote wanakitumia bila kujua kwamba kuna vingine. Seremala, mtu mzima mwenye mafundi wanne chini yake, aliingia mchana duka likiwa tupu, akakaa namba tatu, akaandika kwa kidole kimoja swali kuhusu watu wazima wanaokojoa kitandani. Alisoma nusu saa, akalipa, akaondoka. Siku tatu baadaye alirudi na mama mmoja aliyetaka kutengenezewa kabati, ili wachapiwe makubaliano ya kazi. Bi Sahau alipofungua intaneti kumtafutia mama huyo picha ya kabati, pembeni mwa ukurasa likajitokeza tangazo la nepi za watu wazima, na chini yake jingine la mashuka yasiyopitisha maji. Mama wa kabati alicheka, akauliza ni nani humu ndani anayejikojolea. Seremala hakucheka. Alikaa mwaka mzima hajakanyaga pale.

Hakuna aliyemlaumu Bi Sahau, mpiga chapa. Lakini yeye alikuwa kwenye kazi hiyo tangu enzi za taipureta za utepe. Alikuwa amechapa talaka, wosia, barua za kuacha kazi na barua za kuomba kurudishwa kazini, nyingine za mtu yuleyule mwezi uleule, na halikuwahi kutoka neno. Sasa neno lilikuwa limetoka, na lilitoka mezani pake.

Fundi kompyuta alipokuja kupuliza vumbi, Bi Sahau alimuuliza kama duniani kuna kivinjari kinachojua kunyamaza.

“Kipo,” fundi alisema. “Lakini ni cha watu wabishi.”

“Mimi je, unanionaje?”

Fundi alimwekea hapohapo. Alama yake ni kitone cha kijani, na mpaka leo wateja wengi huwa hawajakiona kwingine. Ukikifunga kinafuta kila kitu: kurasa ulizofungua, majina uliyoandika, herufi ulizoanza ukaacha. Kilikuja na mtambo wake wa kutafuta, nao haukuulizi wewe ni nani wala jana ulitafuta nini. Fundi alimwambia pia, na yeye huwaambia wateja, kwamba hapo hapana muujiza: kampuni inayoleta intaneti dukani bado inaweza kujua duka limetembelea wapi. Kinachofutika ni kile ambacho kingebaki mezani. Bi Sahau aliona hilo linamtosha, maana meza ndiyo yake.

Seremala aliporudi baada ya mwaka, hakuambiwa chochote. Alikalishwa namba tatu, akaonyeshwa: andika neno lolote, tafuta, funga, fungua tena. Kioo kilikuwa kitupu kama sahani iliyooshwa. Seremala alikitazama, kisha akamtazama mwenye meza.

“Na wewe je, umesahau?”

“Nimesahau nini?”

Seremala alicheka mpaka akakaa vizuri kwenye kiti. Kabla wiki haijaisha mtaa mzima ulikuwa unamwita Bi Sahau.

Tangu hapo kona ile ina utaratibu wake. Mteja mwenye lake la siri hukaa mwenyewe. Anapoanza kuandika, Bi Sahau humpa mgongo na kugeukia mashine ya laminesheni, hata kama hakuna cha kulaminesha. Akimaliza, anakifunga mwenyewe. Bi Sahau hamfungii mtu, kwa sababu anasema aliyefungua mlango ndiye anayejua alichoacha ndani. Pale wamekaa wake waliotaka kujua haki zao kabla hawajamwambia mtu yeyote, waajiriwa waliokuwa wakitafuta kazi nyingine saa za kazi, na kijana mmoja aliyesoma kwa siku nne namna ya kumkatalia baba yake biashara ya familia.

Kasoro za kivinjari chake anazijua kuliko wanaokicheka. Tovuti nyingine hufunguka humo zimepinda, vitufe vimepanda juu ya maandishi. Nyingine hazifunguki kabisa. Ubavuni mwa kioo amebandika kadi yenye majina ya tovuti sita zinazomkataa, nne kati yake za fomu za serikali, na mteja mwenye shida huko hupelekwa namba mbili bila maneno mengi. Siku moja alitafuta fundi bomba wa karibu, na mtambo wake, kwa kuwa haujui duka liko wapi, ukamletea fundi wa nchi yenye theluji, anayezibua mabomba yaliyoganda. Alimsoma mpaka mwisho kwa furaha, kisha akaandika jina la mji na kuanza upya. Binti yake humtania kwamba hata kwenye intaneti anapita vichochoroni. Yeye humjibu kwamba vichochoroni hakuna msongamano.

Kwa hiyo alikuwa mtu aliyeridhika, mpaka shemeji yake aliporudi kutoka kwenye semina.

Shemeji huyo ndiye mwenye duka. Alimwoa mdogo wake Bi Sahau, wakafungua duka pamoja, na mdogo mtu alipofariki, miaka mitano iliyopita, wawili waliobaki waliendelea kufungua mlango asubuhi kwa sababu hawakujua la kufanya jingine. Wateja humwita Bwana Rula. Bahasha zake zimepangwa kwa ukubwa, kalamu zote zinatazama upande mmoja, na mteja akiegemea kaunta ikasogea, ataisogeza tena mteja angali ameiegemea. Si mtu mkali. Ana binti aliye chuoni na mtoto wa kiume aliye sekondari, na wote wawili humwita Bi Sahau Mama Mkubwa na kula kwake kila Jumapili.

Kwenye semina ya wafanyabiashara wadogo alifundishwa kwamba vifaa vyote vya ofisi viwe na kivinjari kimoja na akaunti moja, ili kazi iliyoanzwa kwenye kompyuta hii imaliziwe kwenye ile. Lilikuwa wazo lililoumbwa kwa ajili yake. Jioni ileile aliunganisha namba moja na namba mbili. Kwa akaunti alitumia ile ya simu yake mwenyewe, kwa sababu ndiyo pekee ambayo nywila yake aliikumbuka. Asubuhi akabandika ukutani, juu ya meza, karatasi iliyochapwa kwa herufi kubwa: KUANZIA JUMATATU IJAYO KOMPYUTA ZOTE ZITATUMIA KIVINJARI KIMOJA. Fundi angekuja siku hiyo kuondoa kitone cha kijani.

Bi Sahau aliisoma karatasi mara moja, kisha akaketi.

“Shemeji,” Bwana Rula alianza, kwa sauti ya mtu aliyejiandaa njiani, “hicho chako kinatumiwa na watu wangapi?”

“Sijawahesabu.”

“Wateja wanakiona kigeni.”

“Wanaokaa hapa hawajalalamika.”

“Hata wa namba moja hawajalalamika.”

Ilikuwa kweli, na shemeji aliisema kwa upole. Bi Sahau alijaribu kumweleza habari za seremala. Shemeji alisema hayo yalikuwa ya miaka saba iliyopita, sasa mambo yameboreshwa. Bi Sahau alipofika nyumbani alimwambia binti yake kwamba kikiondolewa kile naye anaondoka. Cherehani anayo, na kushona foronya hakuhitaji intaneti. Binti alimuuliza kama amemwambia Baba Mdogo. Hakuwa amemwambia. Hakujua jinsi ya kumtishia mtu ambaye amemzika mdogo wako pamoja nawe.

Alhamisi, namba tatu ilikuwa na mtu. Muuguzi mmoja alikuwa amekaa hapo tangu saa nne, ameinamia kioo, na Bi Sahau hakuwa na nia ya kumharakisha. Akaingia mlinzi wa benki ya jirani, akitaka barua ya kumwomba mwenye nyumba atengeneze paa. Alitaka iwe na adabu lakini iume. Bi Sahau alimpeleka namba moja, akafungua kivinjari cha watu wote ili amtafutie mfano wa barua, akaanza kuandika: jinsi ya ku.

Kisanduku kikamfungulia orodha kabla hajafika mbali.

Jinsi ya kuwaambia watoto unataka kuoa tena.

Jinsi ya kumwambia shemeji, dada wa marehemu mke wako.

Jinsi ya kunyoosha mashati bila pasi.

Mlinzi alikuwa akitafuta miwani yake mfuko wa pili baada ya wa kwanza. “Mama, mbona kimya?” aliuliza. “Hakuna barua za mapaa?”

“Zipo,” alisema Bi Sahau, na akaandika neno lililobaki kwa kasi ambayo mlinzi aliisifia.

Barua ilitoka vizuri, ikaweka adabu mwanzoni na meno mwishoni. Mlinzi na muuguzi walipoondoka alikaa pale akiwa ameweka mikono mapajani. Hakuwa na hasira, na hilo lilimshangaza kidogo. Miaka mitano si siku mbili. Lililomchoma ni kwamba shemeji yake, anayekaa hatua tano kutoka alipo tangu asubuhi hadi jioni, alikuwa ameliuliza jambo hilo simuni, na akaunti ikalileta hapa; ameuliza dunia nzima isipokuwa yeye. Kisha akaanza kujiuliza ni nani, na jibu likaja bila kutafutwa. Mwalimu wa jiografia, mjane wa makamo mwenye sauti ya darasani, anayekuja kila mwisho wa muhula kutayarisha mitihani. Kwa mwalimu huyo Bwana Rula hufuta kiti kabla hajakalia. Safari iliyopita alimbebea karatasi hadi kituoni, akarudi amesahau kunyoosha kaunta.

Alijua pia kwamba sasa ana silaha. Angemwita shemeji, angemwonyesha kioo, angesema hiki ndicho kivinjari chako kimoja cha wote, na kitone cha kijani kingebaki mahali pake daima. Aliliwaza hilo kwa muda wa kutosha kuona kwamba lingefaulu. Kisha akakifunga kivinjari kwa niaba ya mtu mwingine, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akijua kwamba kwenye namba moja kufunga hakufuti kitu. Kufuta kwa mkono aliogopa, maana hakujua kama angefuta hadi simuni kwa mwenyewe. Akachukua karatasi, akaandika HAIFANYI KAZI, akaibandika kwenye kioo.

Bwana Rula aliporudi kutoka kununua wino aliiona kabla ya kitu kingine chochote.

“Ina nini?”

“Inaongea sana,” alisema Bi Sahau.

Shemeji alidhani ni feni. Alifungua boksi la kompyuta, akapuliza vumbi, akakaza skrubu mbili, akasikiliza kwa sikio la kushoto na la kulia, akaibandua karatasi.

Ijumaa, baada ya masomo, mwalimu wa jiografia aliingia bila kusalimu, na hapo wote wawili wakajua kuna jambo. Alisimama katikati ya duka na mkoba wake begani.

“Wanafunzi wangu wamejibu swali la nne,” alisema. “Tatizo ni kwamba bado sijaliuliza.”

Alieleza kwa mpangilio, kama anavyoeleza mkondo wa mto. Jumatano alikuta namba tatu ina mtu, akakaa namba mbili, akatafuta ramani na mifano ya maswali kwa ajili ya mtihani wa Jumatatu. Leo amesikia darasa lake likibishana kuhusu mmomonyoko wa udongo, sura ambayo hakuna mwanafunzi aliyewahi kuisoma kwa hiari. Amewabana wasichana wawili mpaka wakasema. Walikuja hapa kununua penseli, wakaomba kukaa namba moja, wakaandika herufi moja moja kuanzia m, ya mtihani. Hapohapo kompyuta ikawaambia yenyewe: maswali ya mtihani mmomonyoko wa udongo. Waliendelea hadi u, wakapata na uoto wa asili.

Bwana Rula alishika ukingo wa kaunta. “Ilikuwa imeunganishwa ili isaidie,” alisema.

“Imewasaidia kweli,” mwalimu alisema. Hakupaza sauti. “Nina mtihani mzima wa kutunga upya. Lakini kwanza nataka kujua hii imekumbuka nini kingine.”

Akavuta kiti cha namba moja. Alikuwa mwalimu wa jiografia, na alikuwa anatafuta mambo yake ya jiografia. Neno aliloanza kuliandika lilianza na herufi j.

Bi Sahau hakukimbia, kwa kuwa umri wake na chumba kile haviruhusu kukimbia. Alinyoosha mkono chini ya meza na kuzima soketi. Kioo kikawa cheusi.

“Mwalimu, hiyo ni mbovu,” alisema. “Njoo namba tatu.”

“Mbona nime—” Bwana Rula alianza, akitaka kusema kwamba ameitengeneza jana kwa mikono yake. Bi Sahau alimtazama. Alimtazama tu, kama mtu anavyomtazama mtoto wa ndugu yake mbele ya wageni, na maneno yakamwishia mdomoni.

Mwalimu alikaa kwenye kona saa moja na nusu. Bi Sahau alimpa mgongo muda wote, akalaminesha vyeti vitatu vya watu na, vilipokwisha, kalenda ya mwaka uliopita. Mwisho mwalimu alisoma kimya alichoandika, akakichapa, akatia kurasa mkobani, akakifunga kivinjari mwenyewe. Alipofika mlangoni aligeuka.

“Mnajua ni kwa nini naleta mitihani hapa na si kwingine?” alisema. “Ni kwa sababu ya kona hiyo.”

Alipotoka, Bwana Rula aliwasha soketi. Alisubiri namba moja iamke, akaandika herufi moja. Bi Sahau hakugeuka, lakini alisikia kiti kikisukumwa nyuma na mtu akipumua kama aliyekanyaga maji ya baridi. 

Kisha shemeji akaja, akakaa namba tatu.

Bi Sahau aliigeukia laminesheni, maana huo ndio utaratibu na mteja ni mteja.

“Hiki kinaandikiwaje?” sauti iliuliza nyuma yake.

“Kama vingine. Andika kama unavyosema.”

“Hakitaniuliza mimi ni nani?”

“Hakitakuuliza.”

Vitufe viligongwa kidogo, vikanyamaza, vikagongwa tena, kisha kile cha kufuta kikabonyezwa mara nyingi mfululizo.

“Shemeji, ulisoma lini?”

“Nilisoma nini?”

“Bi Sahau.” Katika miaka yote hiyo hakuwahi kumwita jina hilo la wateja. “Leo usisahau. Nakuomba.”

Hapo ndipo alipogeuka, kwa mara ya kwanza tangu autunge utaratibu wake, akiwa na mteja kwenye kiti. Shemeji yake alikuwa amekaa kama mtu anayesubiri kupigwa picha ya kitambulisho. Kioo mbele yake kilikuwa kitupu.

“Jana,” alisema Bi Sahau.

“Na ukanyamaza.”

“Lilikuwa lako.”

“Na Jumatatu nilikuwa naleta fundi aondoe hiki.”

“Nimesoma karatasi.”

Bwana Rula alitazama ile karatasi ukutani, halafu mikono yake. Alisema kwamba alitaka kumwambia kila asubuhi kwa miezi mitatu, na kila asubuhi alipomwona amekaa na kikombe chake hakuwa na ujasiri wa kumkatiza chai. Alisema hajamsahau mdogo wake. Hilo Bi Sahau alilijua, hakuhitaji kuambiwa, lakini alimwacha amalize.

“Sasa unasemaje, shemeji?”

Bi Sahau alichukua vyeti vilivyolamineshwa, akavigonga mezani ili kingo zilingane, ingawa kingo zililingana tayari. Kwa muda kidogo walifanana.

“Mdogo wangu angesema umechelewa,” alisema. “Miaka mitano unatembea na mashati yaliyokunjamana, halafu unaliuliza hilo intaneti. Pasi ipo kwangu. Ungeomba.”

Bwana Rula alicheka kwanza kwa pua, kisha kwa mwili mzima, mpaka akavua miwani kuifuta.

“Na watoto?”

“Wanangu pia hao. Waambie kwa mdomo. Jumapili, baada ya kula, wakiwa wameshiba. Nitakuwepo.”

“Watakasirika?”

“Mmoja. Siku mbili.”

“Yupi?”

“Wa kiume. Amefanana na wewe, hapendi kitu kihamishwe.” Akafikiri. “Mwalimu mwenyewe anajua?”

“Nadhani anahisi.”

“Basi hilo usiliandike popote. Hilo lifuate kwa miguu.”

Bwana Rula alitikisa kichwa polepole kukubali. Aliweka mkono juu ya kipanya, akakisogeza kishale hadi pembeni, akakifunga kitone cha kijani mwenyewe ingawa hakuwa ametafuta chochote. Kisha akapanda kwenye benchi, akaibandua karatasi ya ukutani, akaiweka kwenye kaunta. Chini ya herufi kubwa alipiga mstari kwa rula na kuandika kwa kalamu ya wino: ISIPOKUWA NAMBA TATU. Akaibandika tena mahali palepale, na akarudi nyuma hatua tatu kuona kama imenyooka.

Jumatatu fundi kompyuta alifika na mkoba wake kwa kazi ya kuondoa. Alipewa nyingine. Akaunti ya simu ilitolewa kwenye mashine zote, kumbukumbu zikafutwa mbele ya mwenyewe, na kitone cha kijani kikawekwa namba mbili vilevile. Namba moja ilibaki na kivinjari cha watu wote kwa ajili ya zile tovuti sita, na kadi ya Bi Sahau ikahamishiwa huko. Karatasi ya ukutani ilikuwa imepitwa na mambo, lakini hakuna aliyeibandua.

“Wabishi wameongezeka humu,” fundi alisema.

Bi Sahau alimwonyesha benchi. Laminesheni ilikuwa bado na dakika nne kupata moto, na chai yake ilikuwa nusu. Jumapili watoto walikuwa wamekula wakashiba, baba yao akasema kwa mdomo wake mwenyewe bila kusoma popote, binti akamkumbatia, na wa kiume akatoka nje akaenda kukaa ngazini. Akiwa na kikombe mkononi Bi Sahau alijisemea kwamba kesho kijana atakuwa amepoa. Alikosea siku moja. Alipoa Jumatano, akaja dukani baada ya masomo, akamsalimu Mama Mkubwa, akaomba kukaa namba tatu.

Bi Sahau alimpa mgongo.

Kijana aliandika kitu kirefu, akasoma, akakifunga mwenyewe. Alichotafuta hakuna anayekijua. Lakini kabla hajaondoka alipita kaunta, akachukua kalamu moja iliyokuwa inatazama upande usio wake, akaigeuza ikafanana na nyingine, na baba yake akajifanya hajaona.